Nyonga ya mzee ikivunjika: maswali ya kuuliza kabla ya kuwekewa chuma

Bibi ametoka kutia udhu alfajiri, kandambili imeteleza kwenye sakafu yenye maji, kaanguka kwa ubavu. Analalamikia kinena na hawezi kuinua kisigino kutoka kitandani. Mlaze chali, ulinganishe miguu miwili. Ule ulioumia ukiwa mfupi kuliko mwenzake na vidole vimegeukia nje, ichukulie kuwa nyonga imevunjika mpaka picha ikanushe. Wapo pia wazee wanaochechemea siku mbili tatu wakidhani wameteguka tu, kumbe mfupa umepasuka na vipande vimejibana. Siku vikiachana ndipo wanapoanguka tena, na tatizo lililokuwa dogo limekuwa kubwa.

Upasuaji ataufanya daktari, lakini karatasi ya ridhaa itasainiwa na mgonjwa au na wewe, na pesa ya kifaa huenda ukaitafuta wewe. Ndiyo maana ni vizuri ujue kinachobishaniwa kati ya chuma na chuma kabla hujasimama mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Kwanza, kumfikisha hospitali. Usimvute mguu, usimkande kwa mafuta ya karafuu, usimsimamishe "tuone". Weka mto katikati ya mapaja, kisha ifunge miguu pamoja kwa kanga mbili tatu: moja juu ya magoti, moja chini yake, moja kwenye vifundo vya miguu. Mguu mzima unakuwa ndio banzi la mwenzake. Mbebeni watu wanne juu ya godoro jembamba au ubao wa mlango, mkimwinua kwa pamoja. Bajaji haifai, kwa sababu atalazimika kukaa akiwa amekunja nyonga. Tafuta gari ambalo kiti cha nyuma kinalala. Chukua dawa zake zote za presha na sukari kama zilivyo kwenye mfuko wake, na umwambie daktari mapema ikiwa anatumia za kufanya damu iwe nyepesi.

Ukiwa Dunda, Magomeni au Kaole huko Bagamoyo, picha ya kwanza ya eksirei itapigwa Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo. Kutoka hapo rufaa huweza kwenda Tumbi, Kibaha, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani, au Dar es Salaam: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile tunayoiita MOI, au Mloganzila. Anayeishi Pangani na vijiji vya huko yuko karibu zaidi na Bombo, Tanga. Kabla gari halijaondoka, mwombe daktari anayekupa rufaa apige simu mbele yako na kuuliza mambo matatu: bingwa wa mifupa yupo wiki hii? Mashine ya eksirei ya ndani ya chumba cha upasuaji inafanya kazi? Kifaa cha mgonjwa wa aina hii kipo stoo? Simu ya dakika tano inaweza kukuepusha na kumrudisha mgonjwa kwenye Barabara ya Bagamoyo mara ya pili, na kila tuta la barabara hiyo atalihisi kwenye nyonga.

Kuhusu waunga mifupa wa kijadi, nitasema wazi ninavyoona. Mfupa wa mkono au wa muundi unaweza kufungwa mabanzi pande zote mbili za mahali ulipovunjika. Nyonga haifungiki hivyo. Iko ndani kabisa ya nyama, na hakuna banzi linaloweza kuibana upande wa juu. Wiki sita zinazotumika nyumbani huko ndizo wiki ambazo mfupa ungeweza kuokolewa.

Ombeni muonyeshwe picha

Picha ikishatoka, mwambie daktari akuonyeshe kwa kidole mstari ulipopita. Mfupa wa paja unaishia juu kwa kichwa cha mviringo kinachokaa kwenye kikombe cha fupanyonga. Chini ya kichwa kuna shingo, na chini ya shingo kuna vifundo viwili ambamo misuli mikubwa hushika. Shingo imo ndani ya mfuko wa kiungo, vifundo viko nje yake. Swali lako la kwanza liwe hili: mstari umepita ndani ya mfuko au nje?

Tofauti ni damu. Mishipa midogo inayolisha kichwa hupanda ikiwa imegandamana na shingo. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, mishipa hiyo hukatika au hujikunja, na kichwa kinaweza kufa hata baada ya kuungwa vizuri. Kwenye vifundo damu ni tele. Mfupa wa hapo huunga bila shida kubwa, ila hupenda kuunga ukiwa umepinda na umefupika. Kwa hiyo juu tunahofia kichwa kufa, chini tunahofia mguu kupinda, na kila kifaa kilibuniwa kukabili hofu mojawapo.

Swali la pili: vipande vimeachana au bado vimeshikana? Madaktari wa mifupa hutumia ngazi nne za Robert Garden, daktari wa Uingereza aliyeziandika mwaka 1961. Ukisikia "Garden moja" au "mbili", shingo imepasuka lakini haijahama. "Tatu" na "nne" maana yake imehama.

Shingo: kuunga au kubadilisha

Ikiwa haijahama, kinachofanyika mara nyingi ni kupitisha skrubu tatu ndefu kutoka ubavuni mwa paja, kupitia shingoni, hadi kichwani. Kidonda ni kidogo, damu inayopotea ni kidogo, na mgonjwa anabaki na kichwa chake. Njia nyingine ni skrubu moja nene inayoteleza ndani ya bomba la bamba lililofungwa ubavuni mwa mfupa; hospitalini utaisikia kwa herufi zake, DHS. Ipi bora? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, wa wagonjwa 1,108 wenye miaka 50 na zaidi, haukupata mshindi: ndani ya miaka miwili, waliorudi kupasuliwa tena walikuwa asilimia 20 kwa DHS na 22 kwa skrubu tatu. Vichwa vilikufa zaidi kwa DHS, asilimia 9 dhidi ya 5, ilhali wavutaji sigara na waliovunjika karibu na kitako cha shingo walionekana kunufaika nayo. Kwa hiyo daktari akisema "mimi nimezoea hii", hilo ni jibu halali kabisa. Hapa mkono uliozoea una uzito kuliko jina la chuma.

Lakini tazama tena tarakimu hizo. Mmoja kati ya watano alirudi mezani. Ndiyo sababu mzee ambaye shingo yake imeachana haungwi tena. Kichwa kinatolewa na kuwekewa cha chuma. Kwa mtu wa miaka 70 mwenye mifupa myepesi, skrubu ndani ya kichwa ni kama msumari kwenye mbao iliyoliwa na mchwa: leo umeshika, kesho unatoka.

Kubadilisha kuko kwa namna mbili. Ya kwanza ni nusu ya kiungo: kichwa na shina vya chuma vinawekwa kwenye paja, kikombe cha mgonjwa kinaachwa. Kimojawapo cha zamani kati ya vinavyotumika bado ni Austin Moore, kilichopewa jina la daktari wa South Carolina, Marekani, aliyekibuni katikati ya karne iliyopita. Nchi zenye fedha zimekiacha kwa kiasi kikubwa. Kwetu Afrika Mashariki kingali kazini kwa sababu ni rahisi, hakihitaji saruji wala eksirei wakati wa upasuaji. Sikidharau. Mzee wa miaka 85 aliyekuwa akitoka kitandani hadi barazani tu atatoka tena barazani nacho. Lakini shina lisilo na saruji linaweza kucheza ndani ya mfupa na kuleta maumivu ya paja kila anapoinuka.

Hapo ndipo swali la saruji ya mfupa linapoingia, na si la kupuuza. Uingereza mwaka 2022 walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,225 wenye miaka 60 na zaidi: waliowekewa shina kwa saruji waliishi vizuri zaidi miezi iliyofuata, na paja lililopasuka kuzunguka shina lilikuwa asilimia 0.5 tu, dhidi ya 2.1 kwa wasio na saruji. Na mashina yale yasiyo na saruji yalikuwa ya kisasa, si Austin Moore. Upande wa pili wa sarafu: saruji inaposukumwa ndani ya mfupa, presha ya mgonjwa inaweza kuanguka ghafla, hasa mwenye moyo au mapafu mabovu. Basi uliza, "Daktari, mtatumia saruji? Na wa ganzi anajua moyo wa mama ukoje?" Nikiambiwa nichague kwa ajili ya mzazi wangu mwenye moyo mzima, ningechagua saruji.

Namna ya pili ni kubadilisha nyonga nzima, kichwa na kikombe. Mloganzila na MOI hufanya upasuaji huu, na wagonjwa wenye uwezo huwa wanausikia kwanza kwa sababu ndio unaosifiwa. Utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha wagonjwa 1,495 wenye miaka 50 na zaidi, waliokuwa wakitembea wenyewe kabla ya kuvunjika, ulipata kwamba ndani ya miaka miwili waliohitaji upasuaji mwingine walikuwa asilimia 7.9 kwa nyonga nzima na 8.3 kwa nusu. Tofauti hiyo haina uzito. Kwa hiyo usiuze shamba la minazi ili bibi wa miaka 80 apate nyonga nzima. Mwenye miaka 62 anayelima, anayesafiri, au ambaye nyonga yake ilikuwa imeshasagika kabla ya kuanguka, huyo anayo sababu.

Kijana ni habari nyingine kabisa. Mkwezi aliyedondoka kutoka mnazini, dereva wa bodaboda aliyegongwa Mapinga: hawa hata shingo ikiwa imeachana, kichwa chao kinatafutiwa kila njia ya kuokolewa, kwa sababu nyonga ya bandia huchakaa na wao wana miaka arobaini mbele. Wanahitaji kurudishwa mfupa mahali pake na kuungwa upesi iwezekanavyo. Ukiona kijana wa miaka 30 amepangiwa Austin Moore ndani ya wiki ya kwanza, una haki ya kuomba maoni ya bingwa mwingine.

Vifundo: bamba au msumari

Mstari ukiwa umepita nje ya mfuko, kichwa kiko salama na hakuna haja ya kukibadilisha. Swali ni namna ya kukishikilia mpaka kiunge.

Hapa ndipo ilipo kazi halisi ya DHS. Mgonjwa anaposimama, uzito wa mwili unaitelezesha skrubu ndani ya bomba, na vipande viwili vinabanana badala ya kuachana. Inafaa sana pale ambapo ukuta wa nje wa mfupa ni mzima. Ukuta huo ukiwa umepasuka, au mstari ukipanda kinyumenyume, au mvunjiko ukishuka chini ya vifundo, bamba linashindwa: mteremko unaendelea mpaka mguu unafupika au skrubu inatoboa kichwa. Hapo unahitajika msumari, yaani chuma kirefu kinachopita ndani ya uwazi wa paja, na skrubu inayokwenda kichwani kupitia ndani yake. Kwa mvunjiko mwepesi, msumari hauishindi DHS na bei yake huwa juu. Kwa mvunjiko mbaya, bamba la bei nafuu ni pesa iliyotupwa.

Kuna msumari mmoja unaopaswa kuujua kwa jina. Shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle mjini Richland, jimbo la Washington, lilitengeneza msumari unaoweza kufungwa bila mashine ya eksirei chumbani: kifaa cha kuelekezea hushikizwa kwenye msumari na kumwonyesha daktari tundu lilipo. Hospitali zinazoshirikiana nalo hupewa misumari hiyo bure na kuripoti kila mgonjwa na picha zake. MOI ni mojawapo. Ulibuniwa kwa mapaja na miundi ya waliopata ajali, baadaye ukapata umbo la nyonga. Kwa mgonjwa wa vifundo asiye na bima, kuuliza "msumari wa SIGN unafaa kwake?" ni swali linaloweza kubadilisha hesabu yote ya familia, ingawa gharama nyingine za hospitali zinabaki.

Bado kuna njia ya zamani: mguu kuvutwa kwa uzito kitandani wiki nane hadi kumi na mbili. Kwa vifundo, mfupa huweza kuunga hivyo, mara nyingi ukiwa umefupika. Kwa shingo iliyoachana, hauungi. Bei yake haiko kwenye risiti. Ni vidonda vya mgongoni, nimonia, damu kuganda miguuni, na mzee anayesahau kusimama. Kuvutwa kwa siku chache wakati wa kusubiri upasuaji nako hakujaonyesha faida katika tafiti. Mto chini ya mguu na dawa nzuri ya maumivu vinatosha.

Muda una thamani kuliko chapa

Waingereza wamejiwekea kwamba mgonjwa wa nyonga apasuliwe siku ya kufika au kesho yake. Je, saa chache zaidi zingesaidia? Utafiti wa nchi 17 uliochapishwa mwaka 2020, wa wagonjwa 2,970, ulilinganisha upasuaji wa karibu saa 6 na wa karibu saa 24 tangu mvunjiko kuthibitishwa, na vifo vilikaribiana: asilimia 9 na 10 katika miezi mitatu. Kwa hiyo hakuna haja ya kumkimbiza usiku wa manane. Lakini tunachokizoea sisi si saa, ni wiki.

Sababu nzuri za kusubiri zipo: sukari imepanda sana, moyo umejaa maji, damu imepungua. Hii ya mwisho dawa yake mnayo. Ndugu wawili watatu wakajitolee damu siku ile ile. Sababu mbaya nazo zipo, na nyingi hutoka nyumbani. Kumsubiri mjomba aliyeko Maskati atoe kauli. Kubishana nani atachangia. Kutafuta chuma "cha Ujerumani" wakati kinachofaa kipo stoo. Msimamo wangu ni kwamba chuma cha wastani kilichowekwa siku ya pili kinakishinda cha kifahari cha wiki ya tatu, mradi tu kinaendana na mvunjiko.

Pesa: mwombe daktari aandike jina la kifaa kamili kwenye karatasi, kisha uende nalo dirisha la bima. Kama mgonjwa ana NHIF, uliza kifaa chenyewe kimo au ni upasuaji tu. Mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana msamaha kwa mujibu wa sera ya serikali. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ukiwa na kitambulisho chake cha matibabu ya wazee au barua ya serikali ya mtaa. Nenda kabla ya upasuaji, siyo siku ya kuruhusiwa.

Usiogope ganzi ya mgongoni. Wazee wengi huiogopa wakisema italemaza, lakini kwa wengi wao inafaa sawa na nusukaputi.

Baada ya upasuaji na akirudi nyumbani

Kesho yake, angali wodini, akalishwe, na ikiwezekana asimamishwe na fremu. Aliyewekewa nusu kiungo, DHS au msumari kwa kawaida huruhusiwa kukanyaga kadiri anavyostahimili. Kijana mwenye skrubu tatu huambiwa akanyage kwa nusu uzito wiki kadhaa. Muulize daktari kauli yake na uiandike. Akilala, mgeuze kila baada ya saa mbili. Akianza kuweweseka usiku na kumwita marehemu mumewe, msikimbilie tafsiri nyingine: waambie wauguzi, kwa maana homa, upungufu wa maji au dawa za maumivu huleta hilo.

Aliyebadilishiwa kichwa ana tahadhari ya pekee, hasa kama alipasuliwa kwa nyuma. Nyonga isikunjwe kupita pembe ya kiti cha kawaida kwa wiki sita hadi kumi na mbili. Sasa angalia nyumba yetu ya pwani ilivyojaa mitego: mkeka, kigoda, choo cha kuchuchumaa, na ile mbuzi ya kukunia nazi iliyo chini kabisa. Bibi atataka kuikalia wiki ya pili tu, kwa kuwa hapendi wakunavyo wajukuu. Ifiche. Swala aiswalie kwenye kiti. Chooni, kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati na kuwekwa juu ya shimo kinatosha, miguu yake ifungwe isiteleze.

Halafu shughulikia mifupa yenyewe, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau chuma kikishaingia. Aliyevunjika nyonga kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe ana mifupa dhaifu, na nyonga ya upande wa pili inaweza kufuata. Uliza kuhusu kalsiamu, vitamini D, na kidonge cha alendronati kinachomezwa mara moja kwa wiki asubuhi kabla ya kula, kwa maji mengi, mgonjwa akiwa wima nusu saa. Katika nchi zilizohesabu, kati ya wagonjwa 100 wa nyonga, 20 hadi 30 hawamalizi mwaka. Wengi wao hawauawi na mfupa wenyewe, na kulala muda mrefu huchangia.

Omba picha ya eksirei ya baada ya upasuaji na karatasi yenye jina na ukubwa wa kifaa, uviweke kwenye mfuko mmoja usiopitisha maji, uende navyo kila kliniki. Na maumivu mapya ya kinena, mguu kufupika ghafla, usaha kidondani au muundi kuvimba upande mmoja visisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi: mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.